Rivyu ya bima mpya ya kazini pamoja na mfumo mpya wa HR, baada ya kuvitumia kweli

Nilingoja kwanza niitumie ndo niseme, manake wiki ile inatangazwa kila mtu kazini alikuwa na maoni yake na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshaumwa nayo. Sasa miezi imeenda. Mwanangu ametibiwa kwa hiyo kadi, mi mwenyewe nimetibiwa, mzee wetu mmoja wa stoo amelazwa nayo na kufanyiwa operesheni, na tumeona madai yakilipwa na mengine yakirudishwa. Kwa hiyo nina cha kusema, na naandika kwa ajili ya yeyote ambaye mwajiri wake ndo anaanza kubadilisha haya mambo, hasa wanaobadilishiwa yote kwa mpigo kama sisi.

Sisi tulibadilishiwa vitu viwili mwezi mmoja. Zamani kila mfanyakazi alikuwa na fungu lake la matibabu kwa mwaka, unaenda hospitali unalipa mwenyewe, unarudi na risiti kwa dada wa HR (ofisi inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi), anakagua, anagonga muhuri, pesa inaingia na mshahara unaofuata. Hiyo imefutwa, tumewekwa kwenye bima ya kadi. Halafu mwezi huohuo ofisi ya HR ya tawi letu ikafungwa, matawi yote yakaunganishwa kwenye kituo kimoja, na sasa likizo, slipu ya mshahara, ruhusa ya ugonjwa, kusajili mtoto, kila kitu unafanya mwenyewe kwenye mfumo. Yule dada alihamishiwa idara nyingine na simu yake ya ofisi ikawa inaita tu haipokelewi.

Niseme mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke na kitu. Bima naipa nyota nne kati ya tano, mfumo naupa mbili. Na tatizo ni kwamba huwezi kuifikia bima bila kupita kwenye mfumo, kwa hiyo ukiuliza watu hii bima ikoje, jibu linategemea kama taarifa zao kwenye mfumo zimekaa sawa au hazijakaa. Kazini kwetu kuna watu wawili wa idara moja, kifurushi kilekile, mmoja anaisifu kila akipata nafasi na mwingine hataki kuisikia, na wote wawili wanasema kweli.

Tuanze na bima yenyewe.

Utaratibu wa fungu ulikuwa rahisi na wengi wameulilia, naelewa kabisa. Lakini fungu linatosha mafua na kung'oa jino, ukipata jambo kubwa linaisha siku ya kwanza ya kulazwa halafu unabaki wewe na michango ya wenzako. Bima haiko hivyo, hela ya bima yetu sote inakaa chungu kimoja na anayeumwa ndo anachotewa, mwaka huu yeye mwakani labda mimi. Kwetu limiti ya kulazwa, yaani mwisho wa hela ambayo bima inalipa kwa mwaka, imetengwa na limiti ya wagonjwa wa nje, kwa hiyo hata ukitibiwa homa mara nyingi huli hela ya kitanda. Uzazi una limiti yake, meno na macho yana yao ndogo ndogo, ushauri nasaha umo. Mwaka wa bima ukiisha, kilichobaki hakihami, mnaanza upya, na mwaka wa bima si lazima uanze Januari kwa hiyo angalieni tarehe kabla hamjaahirisha miwani.

Kitu ambacho naona watu hawakipi uzito wake ni kwamba hii ni bima ya kikundi. Mzee wetu wa stoo ana sukari na presha miaka mingi. Angeenda kununua bima yake binafsi angejazishwa fomu ya historia ya afya, halafu wangemwekea kipindi cha kusubiri kwa magonjwa aliyokuja nayo, au wangeyatoa kabisa kwenye mkataba, au wangempandishia bei. Kwenye kikundi kampuni ya bima inaangalia kundi zima, wazima na wagonjwa wamechanganyika, hatari inagawanyika, kwa hiyo sisi tuliingia wote bila kupimwa na magonjwa ya zamani yalikubaliwa tangu siku ya kwanza. Sio kila kikundi kinapata hivyo, vikundi vidogo mara nyingi vinawekewa masharti, kwa hiyo ulizeni na muombe jibu kwa maandishi. Mzee alilazwa na kidonda cha mguu, kile cha watu wa sukari ambacho ukikichelewesha unaweza kupoteza mguu wenyewe, wakamsafisha na kumfanyia operesheni ndogo, akakaa wodini mpaka kikaanza kukauka, na siku ya kutoka aliweka saini tu. Hakutoa hata senti. Chini ya fungu la zamani ile bili ingekuwa inakatwa kwenye mshahara wake mpaka leo, sina shaka.

Sasa vitu vinavyonikera kwenye bima, na ni vya kweli.

Kwanza kuchangia. Kila ukienda kama mgonjwa wa nje unalipa asilimia 10 mfukoni, bima inalipa iliyobaki. Najua sababu yake, bila hivyo kuna watu wangeenda kwa daktari kwa kila chafya na madai yakizidi sana, mwaka wa kuhuisha mkataba bei inapanda kwa wote. Mbona hilo tunalielewa. Lakini asilimia 10 kwa anayeenda mara moja kwa mwaka na asilimia 10 kwa mwenye sukari anayeenda kila mwezi sio mzigo mmoja. Na wala sio wazo langu tu, mkataba wa ILO (shirika la kazi duniani) namba 102 wa mwaka 1952, ule wa viwango vya chini vya hifadhi ya jamii, unaruhusu mgonjwa achangie gharama ila unataka kanuni za kuchangia zipangwe zisimletee mtu taabu. Wenye magonjwa sugu wangesamehewa asilimia 10 kwenye dawa za kila mwezi peke yake mi ningenyamaza. Tumeliandika hilo, tunasubiri majadiliano ya kuhuisha.

Pili uzazi. Kliniki zote za ujauzito zinakatwa kwenye limiti ya uzazi, haziendi kwenye wagonjwa wa nje. WHO, shirika la afya duniani, tangu 2016 inashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara 8 angalau, sasa weka mara 8, weka vipimo vya damu, weka ultrasaundi, mpaka siku ya kujifungua limiti imeshaliwa kiasi kikubwa, na kama ni upasuaji hapo ndo utaisikia. Mwenzetu mmoja ilimkuta ikabidi waongezee. Kwa dada yeyote anayepanga mtoto, uliza swali hilo mapema kabla ya kingine chochote: kliniki inakatwa wapi, na upasuaji wa dharura unahesabiwa uzazi au kulazwa. Majibu yanatofautiana sana bima na bima.

Dawa nazo zilileta kelele mwanzoni, manake bima inalipa dawa jenereki na ukitaka yenye jina la kampuni unaongezea tofauti. Hapa mi niko upande wa bima. Jenereki iliyosajiliwa ina kiungo tendaji kilekile na dozi ileile, kinachobadilika ni rangi, boksi, bei na vile viungo vingine visivyotibu. Wapo wachache wenye dawa ambazo hazibadilishwibadilishwi ovyo, mfano baadhi ya dawa za kifafa, na hao daktari akiandika sababu inakubaliwa. Wengine tulieni.

Kibali sasa. Hiki ndo kinachoudhi watu kuliko vyote na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekaa chini kukieleza. Kuna huduma ambazo hospitali hairuhusiwi kukupa kwa kadi mpaka iombe kibali kwa bima kwanza: kulazwa kwa kupangwa, operesheni, MRI na CT (vile vipimo vikubwa vya picha za ndani ya mwili), miwani, meno makubwa, baadhi ya dawa za bei kubwa. Anayeomba sio wewe, ni hospitali, wanatuma maelezo ya daktari na makadirio ya gharama halafu wanasubiri. Kwa hiyo ukikaa pale benchi masaa matatu mkigombana na dada wa mapokezi hamsaidiani, muulize kistaarabu maombi yametumwa saa ngapi na kama yana maelezo kamili ya daktari, manake mara nyingi yanarudishwa kwa kukosa hayo. Kisha wewe mwenyewe piga ile namba iliyo nyuma ya kadi, uwape namba ya uanachama, wakuambie kimekwama wapi. Mi nimefanya hivyo kwa MRI ya goti ikaisha asubuhi ileile. Kama ni jambo la kupangwa omba kibali siku chache kabla, kisha nenda siku kimeshatoka.

Dharura haina kibali. Unatibiwa kwanza, bima inaarifiwa ndani ya saa 48. Hilo waambieni na nyumbani, maana kuna watu wanaogopa kumkimbiza mtoto hospitali usiku eti kibali hakijatoka.

Na mtoto ndo aliyenionesha jinsi bima na mfumo vilivyoshikana. Aliamka usiku analia sikio, linatoa maji, homa juu. Tukafika hospitali iliyo kwenye orodha, kadi ninayo, dada wa mapokezi anaingiza namba ananiambia, "Mama, tumetuma namba ya kuthibitisha kwenye simu yako, nisomee." Simu kimya. Akatuma tena, kimya. Akaniuliza namba inayoishia na hivi na hivi ni yako, nikamwambia hiyo laini nimeiacha miaka mingi. Kumbe mfumo mpya ulipoanzishwa ulibeba namba za simu kutoka kwenye fomu tulizojaza siku ya kuajiriwa, na bima ikazichukua kutoka kwenye mfumo, hakuna aliyetuuliza. Yule dada alikuwa mwema, Mungu ambariki, akapiga simu bima, wakanihoji tarehe ya kuzaliwa ya mtoto na namba ya kitambulisho changu, wakafungua kwa mkono. Lakini mtoto mwenye homa mapajani na wewe unataja tarehe za kuzaliwa kwenye simu ya kaunta huku foleni nyuma inasikiliza, hapana. Asubuhi kulipokucha nikauliza kazini, karibu nusu ya kitengo chetu walikuwa na namba za zamani. Kwa hiyo leo hii, kabla hujafunga ukurasa huu, ingia kwenye mfumo wenu uangalie namba ya simu iliyoandikwa, ya kwako na ya mwenza wako.

Usajili wa wategemezi nao una mambo yake. Mwenza, watoto, vyeti vyao, picha. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana herufi moja na jina kwenye kitambulisho, mfumo unakataa na haukuambii umekataa kwa nini, unaandika tu maombi hayajakamilika. Ukioa, ukiolewa au ukizaa, kwetu una siku 30 za kumuongeza huyo mtu, zikipita unangoja mwaka mpya wa bima. Watu wanadhani mtoto mchanga anaingia mwenyewe kwa kuwa mama yake yumo, haiingii hivyo, anatakiwa kusajiliwa, na cheti cha kuzaliwa mara nyingi hakijatoka ndani ya hizo siku. Tumia tangazo la uzazi la hospitali, kwetu linakubalika kwa muda, cheti unaleta baadaye. Hili halijaandikwa popote kwenye mfumo, nimelijua kwa kuuliza.

Wazazi hawamo, ni hiari, unakatwa kwenye mshahara, na umri ukizidi kikomo hawawapokei kabisa. Hili limewauma watu kuliko hata hiyo asilimia 10, na mi linaniuma, kwa sababu kwa wengi wetu mgonjwa mkubwa wa familia ni mama au baba. Lakini bado nasema mwajiri amebeba sehemu nzuri. Analipia mfanyakazi, mwenza na watoto bila kumkata mtu. Bima ya ugonjwa ya wafanyakazi ilipowekwa kwa sheria Ujerumani mwaka 1883, mfanyakazi alikuwa anatoa theluthi mbili ya mchango na mwajiri theluthi moja, na hata sasa sehemu nyingi mtu anakatwa kila mwezi kwenye mshahara. Sisi tumepata nafuu kwenye hilo.

Ngoja niseme la madai yaliyorudi, manake hapa watu wanapoteza haki zao bila kujua. Dada mmoja wa uhasibu alikuwa na kichwa kinamgonga wiki nzima na kizunguzungu, akaenda hospitali, presha wakaikuta juu sana, akaanzishiwa dawa. Baada ya wiki kadhaa ujumbe unakuja: dai limekataliwa, uchunguzi wa kawaida wa afya hauko kwenye kifurushi, lipa mwenyewe. Akapaniki. Tukakaa naye tukaiangalia ile karatasi ya dai vizuri, na pale kwenye kisanduku cha utambuzi paliandikwa Z00.0. Hizo ni namba za siri za magonjwa za WHO, yaani code, zinaitwa ICD, hospitali na bima zinazungumza kwa hizo. Z00.0 maana yake uchunguzi wa jumla wa afya, yaani mtu mzima aliyekuja kujikagua tu. Presha ya kupanda ya kawaida ni I10. Daktari alikuwa ameandika presha kwenye faili, aliyeingiza dai kwenye kompyuta ndo akaweka code ya uchunguzi. Akarudi hospitali, wakafungua faili, wakasahihisha, dai likatumwa upya na likalipwa lote.

Angelipa kimya kimya. Wengi wanalipa kimya kimya! Dai likikataliwa una haki ya kuambiwa sababu kwa maandishi na una muda wa kukata rufaa, uliza ni siku ngapi. Omba nakala ya karatasi ya dai, linganisha na ulichoambiwa na daktari. Na naomba tusielewane vibaya, sijasema umwombe daktari aandike ugonjwa ambao huna ili bima ilipe, huo ni udanganyifu na unaweza kufutiwa kadi. Kinachotakiwa ni kilichoandikwa kwenye dai kifanane na kilichotokea.

Halafu jamani hilo la presha linanisumbua lenyewe. WHO wanasema zaidi ya asilimia 40 ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo, inakaa kimya tu mpaka siku inapiga. Sasa bima isiyolipia uchunguzi wa kawaida hata mara moja kwa mwaka inangoja nini, ingoje mtu apate kiharusi ndo ilipie kitanda? Kupima presha na sukari ni bei ndogo mno ukilinganisha na wiki moja ya kulazwa. Hapo ndo nyota yangu ya tano ilipobaki. Wakiweka uchunguzi wa mwaka ndani ya kifurushi naiweka.

Ushauri nasaha sikutegemea, na kwangu ndo sehemu bora ya kifurushi chote. Unapewa vikao sita kwa mwaka, kwa simu au ana kwa ana, unapiga moja kwa moja kwao, hupiti HR, hupiti kwa bosi, mwajiri anapewa hesabu ya jumla tu kwamba watu kadhaa wametumia. Niliitumia baada ya msiba nyumbani. Nilikuwa naenda kazini, nafanya kazi, narudi, na ndani siko. Yule mshauri hakuniambia nipige moyo konde wala kwamba ni mipango ya Mungu, alinisikiliza, akaniuliza usingizi wangu ukoje, nakula nini, nani nyumbani najua naweza kumwambia ukweli. Kikao cha tatu nikaanza kulala. WHO na ILO mwaka 2022 walitoa makadirio kwamba msongo wa aina hii, yaani sonona na wasiwasi, unapoteza siku bilioni 12 za kazi kila mwaka duniani, hasara ya karibu dola trilioni 1, kwa hiyo waajiri wanaoweka huduma hii wanajua wanachofanya. Lakini kwenye mfumo wetu imewekwa wapi? Chini kabisa, kwenye "Mengineyo", pamoja na fomu ya maegesho. Wanaume wengi kazini hawajui hata kama ipo, na hao ndo nawaona wanaihitaji.

Haya, mfumo.

Ili nisiwe mchoyo wa sifa: slipu ya mshahara unaiona muda wowote, huombi mtu. Siku za likizo zilizobaki zinaonekana, ugomvi wa "hapana wewe ulishachukua" umekwisha. Ombi la likizo linaenda kwa supavaiza na akikaa nalo siku kadhaa linapanda kwa meneja lenyewe, hilo nimelipenda sana, zamani fomu ilikuwa inalala kwenye droo ya mtu.

Baada ya hapo sifa zimeisha. Ukiwa na shida unafungua tiketi, yaani ombi la kusaidiwa, unachagua aina ya tatizo kwenye orodha ndefu ambayo tatizo lako halimo, unachagua linalokaribia, tiketi inaenda kwa mtu asiyehusika, anaifunga na kuandika "imetatuliwa". Haijatatuliwa kitu! Unafungua nyingine, unaanza kueleza upya kwa mtu mwingine. Mi kubadilisha ile namba ya simu tu ilinichukua tiketi baada ya tiketi, na kila mara nikiwa naaplodi kitambulisho ukurasa unanitoa nje kabla picha haijaisha kupanda, naanza paswedi upya, namba ya kuthibitisha upya. Dada wa zamani alikuwa anayamaliza haya kwa dakika chache na alikuwa anatujua kwa majina. Sisemi turudi kwenye muhuri, nasema kazi aliyokuwa anaifanya haikuondoka, imegawanywa kwetu sote, na hakuna aliyetupunguzia kazi nyingine ili tuifanye.

Na wale wasio na simu janja au wasiozoea kompyuta? Mzee wa stoo na akina mama wa usafi walipewa karatasi yenye anwani ya mfumo, basi. Mzee alisajiliwa na kijana wa idara yetu wakati wa chakula cha mchana, kwa hisani tu, na asingesajiliwa wiki ile mguu ule sijui ungetibiwa kwa kadi gani. Baada ya malalamiko wameweka kompyuta moja kwenye korido na mtu wa bima anakuja mara moja kwa mwezi kukaa nasi. Foleni yake inatosha kuwaambia kitu.

Lakini kilichonikasirisha kupita vyote ni ruhusa ya ugonjwa. Mfumo ulipoanza unaaplodi cheti cha daktari na kinaenda moja kwa moja kwa supavaiza, wazi, na jina la ugonjwa. Kijana mmoja wa kitengo kingine alikuta watu wanajadili ugonjwa wake kwenye chumba cha chai. Aliumia, akawa haombi tena ruhusa, anakuja kazini anaumwa. Tukaandika barua ya pamoja tukaeleza kitu ambacho nadhani kila mfanyakazi akijue: anayekupangia kazi anahitaji kujua hutakuwepo siku ngapi, na ukirudi kama kuna kazi huwezi kufanya, mfano kubeba mizigo au zamu ya usiku. Jina la ugonjwa sio lake. Nashukuru walisikia, sasa supavaiza anaona tarehe tu na mipaka ya kazi kama ipo, cheti chenyewe anakiona mtu mmoja kwenye kituo cha HR aliyesaini kutunza siri. Kama wenu bado unaonesha kila kitu, mwombe daktari akuandikie cheti kinachosema hufai kazi kuanzia tarehe hii mpaka hii bila kutaja ugonjwa, madaktari wengi wanaandika ukiwaomba, na huku mkidai mfumo urekebishwe.

Mkataba unahuishwa miezi michache ijayo na wametuambia tupeleke maoni. Ya kwangu nimeshapeleka: uchunguzi wa mwaka uwemo, wenye magonjwa sugu wasamehewe asilimia 10 kwenye dawa, kliniki za ujauzito zihamie wagonjwa wa nje, na tiketi isifungwe mpaka aliyeifungua akubali. Wakitekeleza hata mawili ntarudi hapa nibadilishe nyota, za bima na za mfumo.